Siku Niliyotia Chumvi Mwenyewe

Pweza akifika Newala huwa amechoka, na mimi niliyekuwa nikimpokea nilikuwa nimechoka pia, kwa hiyo tulielewana. Alitoka Mtwara na gari la asubuhi, ndani ya ndoo iliyotiwa barafu ambayo mpaka ifike huku juu ilishageuka maji, na mwanamke aliyemuuza sokoni alimfunika kwa gunia bichi na kuapa kwamba amevuliwa leo. Sikubishana naye. Nilikuwa nimetoka kazini saa tisa na nusu, vumbi la mafaili ya masjala limenijaa puani, miguu imevimba, na bado nyumbani kulikuwa na kazi ya kumpiga, kumwosha, kumchemsha, kumkata na kumwingiza kwenye nyanya. Watu wa pwani husema pweza ni kitoweo cha haraka. Ni kweli, wao wana maji.

Sisi hatukuwa nayo. Bomba la mtaani kwetu lilitoka likijisikia, na miezi mingine halikujisikia kabisa. Uani tulikuwa na kisima cha kujengea, kilichokusanya maji ya bati msimu wa mvua, na kiangazi kikifika tulichota humo kwa kubana kama watu wanaogawana dawa. Kikikauka tulinunua madumu. Sasa umchukue pweza, mwenye mchanga ndani ya kila kinyonyeo na ute usioisha, umwambie mwanamke wa Newala amwoshe mpaka atakate. Nilijifunza kumwosha kwa maji mawili tu. Ya kwanza yalikwenda chooni, ya pili yaliosha sakafu ya jikoni, na nyumba ilinuka bahari mpaka kesho yake.

Lakini kwenye kuchemsha nilimpenda. Hatiwi maji hata kikombe. Unamweka kwenye sufuria kavu, unafunika, na baada ya dakika chache yeye mwenyewe anatoa maji yake, mekundu, ya kumtosha mpaka aive. Wakati huo unakaanga vitunguu bila haraka, unatia kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyanya. Nyanya za kiangazi sokoni kwetu zilikuwa ndogo na chachu, nilizikwangua nikabaki na maganda mkononi, nikaziacha motoni mpaka mafuta yapande juu. Halafu pweza aliyekatwa, pilipili nzima moja, na yale maji yake mekundu. Tui hatukutia. Mkwe wangu alisema tui ni la kufichia mpishi mbaya.

Huyo mkwe wangu, mama wa mume wangu, ndiye aliyenifundisha yote haya. Ni Mmakonde wa Chilangala, lakini marehemu mumewe alifanya kazi Mtwara miaka mingi na ndiko alikomjulia pweza. Alipofiwa alirudi Chilangala akalima mikorosho yake peke yake, mpaka kifua kilipoanza kumsumbua. Mume wangu akamleta mjini kwetu. Alikuja na mchi wake. Nilimwambia, "Mama, mchi upo." Akanijibu, "Huo wako ni mwepesi, ni wa kuchezea." Kwa mchi wake huo ndio alimpigia pweza kwenye jiwe la mlango wa nyuma, mapigo mengi, bila kupumzika, mpaka minofu ilainike. Mimi nilikuwa nikihesabu mapigo yake nikiwa nimeegemea ukuta, mtu mzima nisiye na aibu, nikishukuru kwamba angalau hiyo si kazi yangu.

Lazima niseme habari ya chumvi. Kwetu Masasi, kwa sisi Wayao, na huku juu kwa Wamakonde pia, msichana akivunja ungo hufundishwa mapema kabisa kwamba akiwa kwenye siku zake chumvi si yake. Apike, asonge, akaange, lakini chumvi itiwe na mtu mwingine, binti mdogo ambaye bado hajavunja ungo au mwanamke aliyekwisha kukoma. Akitia yeye, wanaokula watapata kifua, na wazee ndio wanaoumia zaidi. Siku hizi wengine wanacheka. Hata mimi niliyesoma mpaka nikakabidhiwa ufunguo wa masjala, kichwani nilikuwa nacheka. Mkono ndio haukucheka. Siku hizo zikifika, mkono uligoma kufungua kopo.

Nyumbani kwetu hapakuwa na binti mdogo. Hapakuwa na mtoto yeyote. Kwa hiyo kila mwezi, siku ya kwanza, niliinua kichwa kutoka kwenye moshi nikaita, "Mama, nisaidie chumvi." Naye alikuja, anajifuta mikono kwenye kanga, anatia, anakoroga mara moja, anaonja kwenye kiganja, anaondoka. Hakuniangalia usoni. Tuliishi hivyo miaka minane. Mwanamke mwingine anaweza kuficha, akalia chumbani kwake, akatoka amenawa uso, mambo yakaisha. Mimi nilipaswa kutangaza. Kila mwezi nilisimama jikoni nikamwambia mama wa mume wangu, kwa sauti ya kusikika mpaka uani, kwamba imeshindikana tena.

Mwanzoni alikuwa na maneno. "Mungu hana haraka, mwanangu," au, "Hata mimi nilikaa kabla ya kuzaa." Mwaka wa tatu au wa nne maneno yaliisha. Simlaumu. Mimi mwenyewe yalikuwa yameshaniisha siku nyingi. Tulikwenda hospitali, tukapimwa wote wawili, mimi na mume wangu, tukaambiwa hakuna tatizo linaloonekana. Sijui kama kuna jibu linalochosha kuliko hilo. Ukiambiwa una ugonjwa unajua la kufanya. Ukiambiwa huna kitu, unarudi nyumbani na hiyo "huna kitu" yako.

Na huku mtu huitwa kwa mtoto wake. Mwenzako akijifungua, kesho yake jina lake la zamani limekufa, ni mama fulani mpaka anaingia kaburini. Mimi nikiwa na miaka arobaini na moja nilikuwa bado "dada wa masjala". Wasichana niliowazidi miaka ishirini waliniita dada kwa heshima zote, na kila mara nilichomwa moyoni. Niliwaitikia vizuri. Ningefanya nini?

Watu wakisikia hadithi hii husubiri niseme kwamba mkwe alinifukuza, au kwamba mume alioa wa pili. Hapana. Shida ilitoka kwetu. Sisi Wayao mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba, kaka wa mama, ndiye mwenye mbumba, yaani ndiye mlinzi wa dada zake na watoto wao, na ukoo unaendelea kupitia matumbo ya wanawake hao. Mama yangu alifariki akiacha binti mmoja tu, mimi. Kaka zangu wana watoto wengi, lakini hao ni wa koo za mama zao. Kwa mjomba wangu, nikizeeka bila mtoto, nyumba ya dada yake imefungwa. Wala hakulificha jambo hilo. Alisema pengine damu yangu na ya mume wangu hazipatani, na kwamba nina miaka michache iliyobaki ya kujaribu na mtu mwingine. Alilisema kwa simu, taratibu, kama anayezungumzia shamba lililochoka. Kisha akasema Jumapili ya mwisho wa mwezi atapanda Newala kuja kunichukua.

Nilikuwa na uwezo wa kukataa. Nalisema hili kwa sababu wapo watakaodhani nilifungwa kamba. Nilikuwa na kazi na mshahara. Lakini kumkatalia mwenye mbumba si kama kumkatalia mtu wa kawaida. Alinisomesha baada ya mama kufa. Alisimama kwenye ndoa yangu. Kumwambia hapana mtu wa namna hiyo kunahitaji nguvu, na nguvu ndicho kitu ambacho miaka minane ilikuwa imekimaliza. Kulala nililala, na nikiamka nilikuwa nimechoka zaidi. Wakati mwingine niliwaza: aje tu anichukue, nikalale Masasi, ambako hakuna atakayekuja jikoni kunitilia chumvi bila kuniangalia. Halafu nilimsikia mkwe akimpiga pweza pale nyuma, na mume wangu akiimba vibaya bafuni, na nilijua sitaki kwenda popote.

Mwezi ule siku zangu zilichelewa. Zilipita siku tano, zikapita kumi. Sikusema kitu, lakini katika nyumba yetu sikuhitaji kusema, maana mkwe hakuitwa. Nilitia chumvi mwenyewe kwenye maharage, kwenye kisamvu, kwenye dagaa, na kila siku yeye alipita mlangoni mwa jiko na kuona. Akaanza kubadilika. Akaninyang'anya ndoo mkononi: "Acha, hiyo nitabeba mimi." Akanichemshia ming'oko, vile viazi vya porini, akaketi kunitazama mpaka nimalize. Siku moja alinigusa shavu, akajifanya ananitoa masizi. Nami, mjinga, nikaanza kuamini. Kazini nilikaa kwenye kiti changu mafaili yakiwa yamenizunguka, nikagundua kwamba natabasamu. Mume wangu alikuwa Mtwara kikazi wiki mbili. Alipopiga simu nilimwambia tu, "Njoo na pweza mkubwa. Mjomba anakuja." Mengine nilitaka kumwambia uso kwa uso.

Alirudi Jumamosi jioni, hoi, ndoo ya barafu mkononi. Alikula akalala kabla sijapata nafasi ya kusema. Nikasema moyoni, nitamwambia kesho.

Alfajiri ya Jumapili zilikuja.

Sitaeleza zaidi. Nilioga ndoo nzima, kisha nikachukua ndoo ya pili, jambo ambalo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kulifanya wakati wa kiangazi, nikajimwagia polepole kwa sababu sauti ya maji ilifunika sauti yangu. Kisha nikavaa, nikawasha mkaa. Mgeni alikuwa anakuja na pweza alikuwa anasubiri. Mkwe alimpiga kama kawaida, akikohoa kidogo kati ya mapigo, maana ilikuwa ule wakati wa upepo wa kusi na vumbi. Nilimwosha maji mawili. Nilimchemsha. Nilikaanga vitunguu. Nikakwangua nyanya, na mikono yangu ilifanya kazi yote hiyo bila mimi. Mjomba alifika saa tano, nikatoka nikampigia goti, "Shikamoo mjomba," akaitika, "Marahaba mpwa wangu," akaniuliza hali, nikasema njema.

Nikarudi jikoni. Mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, anapepeta unga wa muhogo. Pweza alikuwa tayari kwenye nyanya, mafuta yamepanda. Ilibaki chumvi. Nilijua ninachopaswa kufanya, ni maneno matatu tu, nimeyasema miaka minane. Nikamwangalia yule bibi. Alikuwa amejifunga kanga mpya kwa ajili ya mgeni. Niliona kwamba nikiita, ile kanga mpya itainuka, itakuja, itatia chumvi bila kuniangalia, itakwenda sebuleni kumwambia mjomba achukue mtu wake. Sikuweza. Nilifungua kopo, nikachota kwa vidole, nikatia. Nikakoroga. Mkwe alinitazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaendelea kupepeta.

Kwa kawaida wanaume walikula peke yao, lakini siku ile mkwe aliketi nao mkekani kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji wa mazungumzo. Niliandaa ugali, nikaweka bakuli la pweza katikati, nikakaa karibu na mlango. Mjomba alisifu mchuzi. Alikula kidogo kwa adabu, kisha akafika kwenye lililomleta.

"Mkwe," alimwambia, "sikuja kugombana. Nimekuja kuomba binti yetu akapumzike nyumbani."

"Amechoka na nini?" mkwe akauliza.

"Unajua ninachosema, mkwe."

"Najua." Akamega tonge, akalizungusha mkononi. "Na mimi nakuomba ungoje. Mwezi huu mwanangu hajaniita jikoni. Huyu pweza unayemla, chumvi katia yeye mwenyewe. Nimemwona kwa macho yangu."

Mjomba aliacha kutafuna. Ni mwanamume, lakini ni mwanamume wa huku, hakuhitaji tafsiri. Alinigeukia, uso wake mzee ukafunguka, akasema alhamdulillahi mara tatu. Mume wangu naye alinigeukia, macho yamemtoka. Nilitazama mkeka. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nilimwona mkwe akichovya tonge ndani ya mchuzi, akalizamisha, akala. Akala tena. Alichukua vipande vikubwa, vya kichwani, akatafuna akimwangalia mjomba, na bakuli lilipopungua alininyooshea sahani yake: "Niongeze, mwanangu. Leo umepika." Nikaenda kumwongeza. Mchuzi ulinimwagikia kwenye mkaa ukaungua, na harufu yake sijaisahau.

Mjomba aliondoka na gari la saa nane bila mimi. Alinishika kichwa, akaniombea dua, akasema nisibebe vitu vizito.

Mume wangu alimsindikiza stendi. Nilibaki uani naosha vyombo, maji kidogo kwenye karai, na mkwe akaja akaketi kwenye kigoda chake.

"Alfajiri ulioga ndoo mbili," alisema. "Ya pili ulikuwa unalia."

Niliacha sahani ikazama kwenye karai.

"Mama, ulijua? Ulijua, na ukala?"

"Nisingekula, mjomba wako angejiuliza kwa nini. Yule mzee ana macho."

"Na kifua chako?"

"Kifua ni changu," akasema, na akanyanyuka kwenda kulala.

Mtu wa mjini atacheka hapa, atasema bibi alikula pweza mzuri wa nyanya, kuna nini? Naomba aelewe. Mimi sikuamini. Yeye aliamini. Aliamini tangu alipochezwa unyago, na aliwafundisha mabinti wa watu wengine kuamini. Kwake kile chakula kilikuwa ni ugonjwa uliowekwa kwenye bakuli, na alikula sahani mbili, mbele yangu, bila kukunja uso, ili nisichukuliwe. Sijawahi kufanyiwa kitu kikubwa kama hicho na mtu aliyenizaa wala asiyenizaa.

Jioni ile nilimwambia mume wangu ukweli wote. Alisema tu, "Basi," akanikumbatia. Ni mtu wa maneno machache na siku hiyo nilimshukuru kwa hilo.

Siku ya tatu mkwe alianza kukohoa. Najua, alikuwa anakohoa tangu zamani. Najua kulikuwa na vumbi na nusu ya mtaa ilikuwa inakohoa. Nilimpeleka hospitali, wakamsikiliza mgongo, wakampa dawa, wakasema ni kifua chake kile kile. Nilikubali kila neno. Lakini akiwa anakohoa chumbani nilisimama koridoni nikiwa na kikombe cha maji ya uvuguvugu, na moyoni nilikuwa naomba msamaha, nikiuomba kwa mtu gani sijui. Alipotoka akanikuta pale alikasirika. "Una kazi, wewe? Nenda kazini." Alikonda. Mchi ulikaa ukutani wiki mbili.

Wakati huo mjomba alikuwa anapiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Aliniuliza nakula nini. Aliniambia mkewe, ninayemwita shangazi, amenunua kitambaa cha kubebea mtoto. Ukiona mtu mzima anajikaza kisabuni kazini huku anapokea simu za namna hiyo, umwonee huruma. Mwezi uliofuata, siku zangu zilipofika, niliita jikoni kama zamani, na mkwe akaja akatia chumvi. Alikoroga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameshikilia kifua. Hapo nikaona nimefika mwisho. Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikateremka Masasi.

Mjomba ana kibanda cha kushonea karibu na soko, na alikuwa anapindua kola ya shati la mtu. Alifurahi kuniona, akatazama tumbo langu, akanipa kiti. Sikukaa. Niliogopa nikikaa sitasema.

"Mjomba, sina mimba. Siku ile nilipotia chumvi nilikuwa mwezini."

Cherehani ilisimama.

"Na mkweo? Alinidanganya?"

"Mama hakujua kitu. Mwongo ni mimi."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na nautangaza hapa wazi: sijautubia na sina nia.

Alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, muda mrefu. Nilisubiri anigombeze. Ningemudu kugombezwa. Lakini alizungumza chini chini. "Mama yako alikuwa na binti mmoja," akasema. "Mmoja tu. Nami nimekuja mpaka huko juu na magoti yangu haya, nikala chakula chako, nikashukuru Mungu."

"Najua, mjomba. Nisamehe."

"Chukua nguo zako uje."

"Siji, mjomba."

Nilishangaa jinsi lilivyotoka jepesi. Miaka yote ile nilidhani litahitaji nguvu, kumbe lilihitaji tu niwe nimechoka kuliko vile nilivyowahi kuchoka.

Akavaa miwani. "Basi kaa huko. Ukipata shida usinitafute. Mimi huku nitasema dada yangu hakuzaa binti." Akakanyaga cherehani, kola ikapita, uzi ukakatika, akaendelea kukanyaga hivyo hivyo. Shangazi alitoka nyuma ya kibanda na kikombe cha maji, akakiweka mkononi mwangu, machozi yanamtoka. Nilikunywa, nikamrudishia. Kwetu mgeni husindikizwa, hata mgeni mbaya, angalau hatua kumi. Nilikwenda stendi peke yangu.

Ndani ya gari nilingoja kujisikia mwepesi, kwa kuwa husemwa kwamba ukweli hukutua mzigo. Nilijisikia njaa. Nilijisikia pia kwamba nimezika mtu na sikupewa hata nafasi ya kukaa matanga. Kwenye kona za kupandia mlima nilifumba macho, na nilipoyafumbua tulikuwa tumeshafika kwenye mikorosho ya huku juu, yenye vumbi mpaka kileleni.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Mkwe alikuwa jikoni. Alikuwa amekwenda sokoni mwenyewe, kwa miguu, na kifua kile, akanunua pweza, akampiga, akampika. Jiwe la mlango wa nyuma lilikuwa bado bichi. Nilivua viatu nikaketi chini kwenye sakafu ya saruji, mgongo ukutani, maana mpaka kwenye kiti palikuwa mbali.

"Amesemaje?" akauliza.

"Amesema nisimtafute tena. Atawaambia watu kwamba mama hakuzaa binti."

Alisimama na mwiko mkononi. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane nilimpa habari mbaya akaniangalia usoni. Akapakua. Ugali, mchuzi, sahani moja. Akashuka chini taratibu, akishika ukuta, akaketi mbele yangu na miguu yake ameinyoosha, tukanawa kwenye bakuli moja, tukaanza kula.

Pweza alikuwa mgumu. Alikuwa mgumu kupita kiasi, kipande kimoja nilikitafuna mpaka taya likauma, nikakimeza kwa lazima, nikachukua kingine. Mchuzi ulikuwa mzuri. Yeye naye alitafuna kwa meno yake machache, akapumzika, akatafuna tena. Tulikula hivyo, na machozi yalinitoka yakaingia kwenye ugali, nami sikuyafuta.

Alitoa kipande mdomoni, akakitazama kwa hasira, akakiweka pembeni mwa sahani.

"Mkono wangu umekwisha," alisema. "Wiki ijayo utampiga wewe."